KIFAA CHA KIDOLENI NI SHAHIDI, SI HAKIMU



Zamani mama akimleta mtoto mgonjwa wodini, swali lake la kwanza lilikuwa: "Sista, atapona?" Siku hizi swali limebadilika. Mama anatazama kidole cha mwanawe kilichobanwa na kidude chenye mwanga mwekundu, kisha anauliza: "Sista, mashine imesema ngapi?" Nikimjibu "tisini na saba", anashusha pumzi na kuanza kufunga khanga yake tayari kwa safari ya kurudi nyumbani. Nikimjibu "themanini na tano", machozi yanaanza kumtoka kabla sijamweleza maana yake.

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya kidude hicho. Ni kidogo, kinafanana na kibanio cha nguo, na hubanwa kwenye ncha ya kidole. Baada ya sekunde chache huonyesha namba mbili. Namba moja ni mapigo ya moyo kwa dakika. Ya pili ni kiasi cha oksijeni, yaani hewa safi, kilichopakiwa katika damu. Watu wengi wanakiita kipima pumzi, lakini jina hilo linapotosha, kwa sababu hakipimi pumzi hata kidogo. Sisi wauguzi tunakiita oksimita. Kabla ya mwaka 2020 wengi wenu hamkuwahi kukiona, kwa kuwa kilikaa katika vyumba vya upasuaji na wodi za wagonjwa mahututi. Ugonjwa wa korona ulipoingia, kilianza kuuzwa katika maduka ya dawa, na leo familia nyingi wanacho kabatini.

Maoni yangu ni haya: kila zahanati na kila kituo cha afya kiwe na oksimita nzuri, na familia zijue kuidai. Lakini namba ya oksimita peke yake isimrudishe mgonjwa nyumbani. Kifaa hiki ni shahidi mzuri, ila hakifai kuwa hakimu. Nitaeleza kwa nini, na sitaficha kosa langu mwenyewe.

Mwanga unavyosoma damu

Watoto wana mchezo wa usiku. Wanawasha tochi, wanaifunika kwa kiganja, nao wanafurahi kuona vidole vimekuwa vyekundu. Oksimita inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: mwanga unapita katika nyama ya kidole, nao ukitokea upande wa pili unakuwa umebeba habari za damu.

Ndani ya damu yetu mna chembe nyekundu, na katika kila chembe mna molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270. Kila molekuli ya hemoglobini ni kama gari dogo lenye viti vinne, na abiria wake ni oksijeni. Gari likipita mapafuni linajaza viti, kisha linakwenda kuwashusha abiria katika ubongo, moyo, figo na kila mahali pengine. Damu yenye magari yaliyojaa ni nyekundu inayong'aa. Damu ambayo abiria wameshuka huwa nyekundu nzito, inayoelekea weusi.

Katika oksimita mna taa mbili ndogo sana. Moja hutoa mwanga mwekundu ule tunaouona. Nyingine hutoa mwanga uitwao infraredi, ambao jicho la binadamu haliuoni. Hemoglobini iliyojaa oksijeni huuachia mwanga mwekundu upite na kuumeza zaidi ule wa infraredi. Hemoglobini iliyo tupu hufanya kinyume chake. Upande wa pili wa kidole kuna kijicho kinachopokea mwanga uliosalia. Kifaa hulinganisha mianga hiyo miwili na kupata hesabu yake. Kikiandika 95, maana yake ni kwamba katika kila viti 100 vya hemoglobini iliyopita hapo, viti 95 vilikuwa na abiria.

Lakini mwanga haupiti katika damu tu. Unapita pia katika ngozi, kucha na mfupa. Kifaa kinajuaje kutenga damu na vitu hivyo vingine? Jawabu lilitoka Japani. Mhandisi Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden, alikuwa anatafuta njia ya kupima kiasi cha damu inayosukumwa na moyo, kwa kutia rangi katika damu na kupitisha mwanga katika sikio. Mapigo ya moyo yakawa yanamharibia vipimo vyake kila mara. Alipokuwa anahangaika kuyaondoa aligundua kwamba yana faida: ngozi haipigi, mfupa haupigi, kinachopiga ni damu inayotoka moyoni. Basi ukipima kile tu kinachobadilika kwa kila pigo, umeipima damu hiyo peke yake. Aliwaeleza wahandisi wenzake jambo hilo mwaka 1974. Mwaka 1977 kampuni nyingine ya Japani, Minolta, ilitoa kifaa cha kubana kwenye ncha ya kidole.

Katika miaka ya 1980 kifaa hiki kilienea katika vyumba vya upasuaji vya nchi tajiri. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilikiweka katika orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Mwaka 2011 likaanzishwa shirika la Lifebox, ili kuvifikisha vifaa hivi katika vyumba vya upasuaji vya nchi zisizo navyo. Aoyagi mwenyewe alifariki Aprili 2020, wakati dunia nzima inagombania kifaa kilichotokana na wazo lake.

Kwa nini ninakitetea

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, tulifundishwa kwamba mgonjwa aliyepungukiwa na oksijeni hugeuka rangi ya bluu midomoni na kwenye kucha. Picha za vitabuni zilikuwa za wagonjwa wa Kizungu. Nilipofika wodini niligundua kwamba kwa ngozi yetu nyeusi bluu hiyo haionekani upesi. Inabidi ufungue kinywa utazame ulimi na ufizi, tena penye mwanga wa kutosha. Usiku, kwa taa ya kandili, watoto wengi walituponyoka kwa sababu hatukuiona.

Nakumbuka mtoto mmoja wa miezi saba aliyeletwa na bibi yake. Alikuwa na kikohozi cha siku tatu, halii, ametulia tu begani. Ukimtazama haraka ungesema ana mafua. Bibi mwenyewe alisema, "Sista, nimekuja tu kuchukua dawa ya kikohozi." Tuliweka oksimita mguuni, ikasoma 84. Tulimfunua kifua tukahesabu pumzi: 68 kwa dakika. Ilikuwa nimonia kali, na ule utulivu wake ulikuwa uchovu. Tulimpa oksijeni na dawa za sindano, na siku ya sita alirudi nyumbani anacheka. Bila kile kidude labda tungempa bibi chupa ya dawa, na mtoto angefia njiani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto mwenye kipimo cha chini ya 90 anahitaji oksijeni, na kama yuko zahanati apelekwe hospitali. Mtu mzima au mtoto mwenye afya, anayeishi nyanda za chini, kwa kawaida husoma 95 na kuendelea. Wanaoishi milimani, kwa mfano Makete au Mbulu, wanaweza kusoma chini kidogo ya hapo bila kuwa wagonjwa, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi.

Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba muuguzi mzee anapinga vitu vipya. Nimeona kifaa hiki kikiokoa watu. Ndiyo maana nataka tukijue vizuri, pamoja na udhaifu wake.

Kosa langu

Sasa nieleze siku ambayo namba nzuri ilinidanganya.

Ilikuwa majira ya mvua, wodi imejaa, watoto wawili wawili kitandani. Akaja baba amembeba binti wa miaka mitatu mwenye homa. Niliweka oksimita, ikasoma 98. Nikamwambia baba, "Mwanao ana hewa ya kutosha, keti hapo usubiri zamu yako." Nikaendelea na wengine. Baada ya muda muuguzi mkuu wa zamu akapita, mama aliyenizidi umri na uzoefu. Hakutazama mashine. Alishika kiganja cha yule mtoto akakigeuza, akaniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Kiganja kilikuwa cheupe kama karatasi, na mtoto alikuwa anapumua kwa haraka kama mtu aliyetoka kukimbia.

Malaria ilikuwa imemaliza damu yake. Hemoglobini ilipopimwa ilikuwa gramu 4, wakati mtoto wa umri huo anatakiwa kuwa na 11 au zaidi. Baba yake alitoa damu palepale. Mtoto alipona, lakini kwa tundu la sindano.

Je, oksimita ilikosea? Hapana. Ilisema kweli kuhusu jambo iliyoulizwa. Viti 98 katika kila viti 100 vilikuwa na abiria. Lakini magari yenyewe yalikuwa yamebaki theluthi moja tu. Oksimita hutazama kama magari yamejaa, haihesabu magari yako mangapi. Kosa lilikuwa langu, niliyesikia "98" nikafikiri nimesikia "mzima". Katika nchi yenye malaria, minyoo, selimundu na akina mama wanaotoka damu wakati wa kujifungua, kosa hilo linaua.

Mambo mengine ambayo kifaa hakiyaoni

La pili ni moshi wa mkaa. Kila msimu wa baridi tunapokea familia waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo hukalia viti vya hemoglobini na kukataa kushuka, oksijeni ikakosa nafasi. Kwa bahati mbaya, mbele ya mwanga wa oksimita, hemoglobini iliyokaliwa na sumu hiyo inafanana sana na ile iliyojaa oksijeni. Mgonjwa anaweza kuwa amezimia, na kifaa kikaandika 98. Kwa hiyo ukimkuta mtu amezimia au anaumwa sana na kichwa katika chumba chenye jiko, usitafute oksimita. Fungua milango, mtoe nje, mkimbize hospitali, na ukifika sema wazi: "Jiko lilikuwa linawaka ndani." Maneno hayo yatatusaidia kuliko namba yoyote.

La tatu ni ubaridi na udhaifu wa mapigo. Kifaa kinategemea pigo la damu kidoleni. Mgonjwa aliyepoteza maji mengi kwa kuhara, aliyetoka damu nyingi, au mwenye mikono iliyopoa, pigo lake ni hafifu, na namba inaweza kuwa ya uongo au isionekane kabisa. Mtoto anayetapatapa vilevile huvuruga kipimo. Rangi ya kucha na hina nyeusi huziba mwanga. Futa rangi, pasha kidole joto kwa kukisugua, mtulize mtoto, subiri mpaka namba itulie, ndipo uisome.

La nne ni zile saa za mkononi na vidude vya bei ya chini ambavyo hata jina la mtengenezaji havina. Watengenezaji wengi wa saa zenye taa za kupima oksijeni wanaandika wenyewe kwamba si za tiba. Usimpime mgonjwa wako kwa saa.

Ngozi yetu na hesabu za wengine

Jambo la tano ndilo linaloniuma zaidi, nami naomba msomaji alisome polepole.

Kifaa hiki kinajuaje kwamba kiasi fulani cha mwanga maana yake ni 95, na kiasi kingine ni 85? Hakikuzaliwa na ujuzi huo. Watengenezaji huwachukua watu wenye afya, huwapa hewa yenye oksijeni pungufu kidogo kidogo, huku wakiwachota damu na kuipima maabara. Kisha hulinganisha majibu ya maabara na kile kifaa kilichokiona, na kutengeneza jedwali. Jedwali hilo ndilo linalowekwa ndani ya kifaa. Sasa, rangi ya ngozi nyeusi nayo humeza mwanga. Ikiwa watu waliopimwa wengi walikuwa na ngozi nyeupe, jedwali litawafaa watu weupe kuliko sisi.

Hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Amal Jubran na Martin Tobin, waliwapima wagonjwa waliokuwa wanapumua kwa msaada wa mashine. Waliandika kwamba oksimita ilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko kwa weupe. Miaka 30 ikapita, na vifaa vikaendelea kuuzwa. Desemba 2020, katikati ya korona, Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa hesabu iliyoamsha watu. Waliwatazama wagonjwa ambao oksimita iliwasoma kati ya 92 na 96, yaani namba ambazo wengi wetu tungeziona si mbaya. Damu yao ilipopimwa maabara, baadhi yao walikutwa chini ya 88. Kwa wagonjwa weupe walikuwa kama 4 katika kila 100. Kwa wagonjwa weusi walikuwa kama 12 katika kila 100, yaani karibu mara tatu.

Tazama basi mambo yanavyokutana. Kwa ngozi nyeusi jicho la muuguzi huchelewa kuiona bluu, na tukaletewa kifaa kitusaidie. Nacho kifaa, kwa ngozi hiyo hiyo, kina tabia ya kutoa namba iliyo juu kidogo ya kweli. Mahali tunapohitaji msaada zaidi ndipo msaada unapopungua.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2021. Ilieleza pia kwamba hata kifaa kilichokubaliwa nayo kikisoma 90, kiwango halisi kwa kawaida kinaweza kuwa popote kati ya 86 na 94. Mwongozo wao wa mwaka 2013 uliridhika na kifaa kilichojaribiwa kwa watu 10, wawili kati yao wakiwa weusi. Januari 2025 walitoa mapendekezo mapya, kwamba wanaojaribiwa wawe 150 au zaidi, wa rangi mbalimbali za ngozi. Ni hatua njema. Lakini mapendekezo ya leo hayabadilishi vidude ambavyo tayari viko kwenye makabati yetu na kwenye mifuko ya makoti yetu meupe.

Katika hospitali kubwa daktari akiwa na shaka na oksimita huchota damu ya ateri na kuipima kwa mashine nyingine. Hospitali nyingi za vijijini hazina mashine hiyo. Sisi cha kukikosoa kifaa ni macho yetu, masikio yetu na saa yenye mshale wa sekunde. Kwa hiyo hatuwezi kuyastaafisha.

Tufanye nini?

Kwanza, nyumbani. Ukiwa na mtoto mwenye kikohozi au homa, jifunze kuhesabu pumzi kabla ya kufikiria kununua kifaa. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue kifua, tazama kinavyopanda na kushuka, hesabu kwa dakika nzima. Pumzi ni za haraka kupita kiasi zikiwa:
– 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
– 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Tazama pia kama kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, kama mianzi ya pua inatanuka, kama anaguna kila anapotoa pumzi. Geuza kiganja chake ulinganishe na chako: je, kimepauka? Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea kupita kawaida, ni wa hospitali saa hiyo hiyo. Haijalishi mashine imesema ngapi.

Pili, kwa wale wenye oksimita nyumbani. Iandike namba kwenye daftari mgonjwa akiwa bado mzima, uijue kawaida yake. Akiugua, angalia kama inashuka. Mtu aliyezoea 97 akifika 93, hiyo ni habari, hata kama kibandiko kwenye boksi kinasema 93 si hatari. Nambari ikiwa mbaya, nenda hospitali. Nambari ikiwa nzuri na mgonjwa anahema, nenda hospitali vilevile.

Katika siku za korona kuna familia walimweka mama yao nyumbani siku mbili kwa sababu kifaa kiliandika 94, ingawa mama alishindwa kumaliza sentensi bila kupumzika. Walipomleta ilikuwa 79. Mwanawe mkubwa alinionyesha daftari alilokuwa akiandika namba kwa uaminifu, saa kwa saa. Hakuwa mzembe. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba pumzi za mama yake zilikuwa zinasema zaidi ya ile namba. Mama yule hakurudi nyumbani. Ninaandika makala hii kwa ajili ya mwana huyo na wengine kama yeye.

Tatu, mkifika zahanati au kituo cha afya na mgonjwa wa kifua, ulizeni kwa adabu: "Mnaweza kumpima oksijeni?" Ni haki yenu. Na sisi wauguzi tusione kwamba tunafundishwa kazi. Tukisema namba, tuseme na maana yake: "Ni 96, na pia nimemhesabu pumzi, nimetazama kiganja chake." Namba iliyotajwa bila maelezo inamwacha mama gizani.

Nne, wanaotuchangia vifaa. Parokia nyingi zina marafiki wa ng'ambo, na wapo Wakristo wa hapa hapa wanaojitolea. Tunawashukuru kwa moyo. Lakini naomba, kabla ya kununua oksimita kumi za bei ya chini, muulize maswali mawili: Kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi? Kina kibanio cha kutosha vidole vya watoto wachanga? Muuzaji asiyeweza kujibu, mwacheni na mali yake. Oksimita mbili nzuri ni bora kuliko kumi za kutudanganya. Tena mkumbuke mtungi au mashine ya kuzalisha oksijeni. Kujua kwamba mtoto yuko 82 huku huna oksijeni ya kumpa ni mateso ambayo simtakii muuguzi yeyote.

Tano, vyuo vyetu vya uuguzi na udaktari, na wenye mamlaka ya kukubali vifaa viingie nchini. Sisi ndio wenye ngozi ambayo vifaa hivi vinaikosea. Haifai tungojee Wamarekani wamalize kujadiliana. Tunapotangaza zabuni tuandike sharti hilo wazi, na vijana wetu wahandisi wajue kwamba hapa pana kazi inayowasubiri.

Neno la mwisho

Vifaa vya mwanga vinazidi kuwa vidogo. Huko Marekani tangu mwaka 2018 kimekubaliwa kidude kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono wa mgonjwa wa kisukari. Nacho pia kinatumia mwanga, kusoma sukari kila baada ya dakika chache. Vingine vitakuja, na siku moja vitafika hata wodini kwetu. Nitavipokea kwa furaha kama nitakuwa bado kazini. Lakini kila kimoja nitakiuliza yale niliyojifunza kwa oksimita: Unapima nini hasa? Usichokiona ni kipi? Ulijifunzia kwenye ngozi ya nani?

Yule binti wa kiganja cheupe leo ni mtu mzima. Wakati mwingine tunakutana kanisani, ananisalimu "Shikamoo mama", nami namwitikia huku nikimshika mkono. Yeye anafikiri ni upendo tu. Ni upendo, lakini pia ni mazoea: nageuza kiganja chake kidogo, nakitazama, kisha namwachia aende.